Carlo Cudicini aliikosea nini Italia mpaka akanyimwa hata mechi moja ya kirafiki?

Wakuu, nina hasira na leo sipindishi maneno. Jana kijiweni kuna dogo kang'ang'ana kwamba Chelsea haikuwa na kipa mpaka alipokuja Petr Cech. Nikamtajia Cudicini, kipa Mwitaliano aliyedaka pale kabla ya Cech. Akaniuliza, "Huyo ndiye nani?" Wenzake wakacheka, chai ikanishinda, nikaondoka.

Dogo simlaumu sana, 2003 alikuwa bado ananyonya. Ninaowalaumu ni Waitaliano wenyewe.

Huyu jamaa alitua London mwaka 1999 kwa mkopo akitokea Castel di Sangro, timu ya kamji ka milimani huko Abruzzo, Italia, ambako wakazi wote ukiwaingiza Stamford Bridge, viti vingi vinabaki vitupu. Mwaka uliofuata Chelsea wakamchukua jumla kwa pauni 160,000. Leo kuna mastaa hiyo hela wanalipwa kwa wiki moja na bado wanachelewa mazoezi. Alimkuta Ed de Goey golini, akasubiri zamu yake, akadaka, na mwaka 2002 akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka wa Chelsea. Chelsea ya Zola, Hasselbaink na Desailly, halafu tuzo inakwenda kwa kipa!

Msimu wa 2002/03 ndio usiseme. Tulikuwa tunajazana kwenye kibanda umiza, mpira ukielekea golini kwetu hakuna anayeshtuka. Tarehe 11 Mei 2003, Chelsea na Liverpool wanagombea nafasi ya nne, mechi ya mwisho, klabu ina madeni hadi shingoni. Tukashinda 2-1, tukaenda Ligi ya Mabingwa, na Julai Abramovich akanunua timu. Kila mtu anakumbuka bao la ushindi la Grønkjær. Aliyekuwa kati ya milingoti mitatu siku ile hatajwi.

Sasa sikilizeni kinachoniuma. Tarehe 30 Aprili 2003, siku kumi na moja kabla ya mechi hiyo, Italia inacheza kirafiki na Uswisi kule Geneva. Trapattoni ndiye kocha. Mechi ya kirafiki, mahali penyewe pa kujaribu watu. Akampa nafasi ya kwanza Christian Abbiati. Abbiati ni kipa mzuri, sina ugomvi naye, lakini msimu ule pale Milan alikuwa anasugua benchi, namba kashachukua Dida! Yaani anayesugua benchi Milan anavaa jezi ya taifa, na anayedaka kila wiki mbele ya kina Henry na van Nistelrooy anaangalia kwenye runinga kama mimi na wewe. Nieleweshwe.

Najua mtaniambia kulikuwa na Buffon. Sawa, Buffon kamaliza na mechi 176, nani atabishana naye? Toldo naye alikuwa moto. Lakini mimi siongelei namba moja. Naongelea dakika 45 za kirafiki, jamani, dhidi ya yeyote. Hadi anatundika glavu, timu ya wakubwa ya Italia hakuichezea hata dakika moja.

Na ni kama ukoo mzima ulikuwa na mkosi. Baba yake, Fabio, alidaka Milan ikachukua Kombe la Ulaya mwaka 1969 kwa kuipiga Ajax 4-1. Naye timu ya taifa hakuichezea.

Halafu 2004 akaja Cech. Kabla msimu haujaanza Cudicini akaumia kiwiko, Cech akaingia golini, na msimu huo Chelsea ikafungwa mabao 15 tu kwenye ligi. Kwa hesabu hiyo unamrudishaje mtu? Kocha Mourinho angalau alimwahidi fainali ya Kombe la Ligi na Liverpool. Wiki moja kabla, Kombe la FA kule Newcastle, Cudicini anamwangusha Ameobi wa Newcastle dakika za mwisho, kadi nyekundu, beki Glen Johnson anaingia golini. Fainali ikamponyoka hivyohivyo. Niliapa siku ile kwamba mpira una mwenyewe na si Cudicini.

Oktoba 2006, mechi na Reading, Cech kapasuka fuvu mechi ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Cudicini akaingia, akadaka, na mwishoni naye akagongwa akazimia. Beki John Terry akavaa glavu. Hivi mnaona bahati ya huyu mtu?

Akiwa Tottenham, Novemba 2009, akapata ajali ya pikipiki, akavunjika mikono yote miwili na nyonga. Wengi wangeishia hapo. Oktoba 2010 yuko San Siro kule Milan, mji aliozaliwa, uwanja wa baba yake, Tottenham inacheza na Inter, kaingizwa dakika za mwanzo baada ya kipa Gomes kulambwa nyekundu, na salamu ya kwanza anayopewa ni penalti ya Eto'o. Ikaingia. Usiku ule dunia nzima inamkumbuka Bale na mabao yake matatu.

Anayebisha aje na sababu moja tu ya kimpira kwa nini Abbiati wa benchi na si huyu. "Buffon" sio jibu, nimeshawaambia.

Na wewe dogo wa jana, kama unapita humu, nakudai chai.