Mjadala: Santorini ipunguziwe meli za kitalii, au ipunguziwe vyumba vya wageni?

MTOA MADA

Wakuu, salaam. Kiangazi cha Ulaya kikikaribia, ndugu zetu walioko huko, na wachache wanaotoka nyumbani baada ya kuhangaikia viza ya Schengen, huuliza swali lile lile: Ugiriki twende kisiwa gani, tulale wapi, tuone nini? Jibu linalotangulia siku zote ni Santorini. Naomba leo tulijadili hilo jibu, maana Wagiriki wenyewe linawagawa.

Santorini ina wakazi wapatao 15,000. Mwaka 2023 ilikadiriwa kupokea wageni milioni 3.4. Siku za kilele meli za kitalii peke yake zilikuwa zikishusha hadi watu 17,000, yaani wageni wa mchana mmoja kuwazidi wenyeji. Julai 2024, siku moja walipotarajiwa abiria 11,000, kiongozi wa eneo aliandika mtandaoni kuwaomba wakazi wapunguze kutoka nje. Watu wakaja juu, tangazo likafutwa. Mwenye kisiwa anaombwa ajifungie ndani ili mpita njia apite!

Hatua mbili zikachukuliwa. Tangu 2025 Santorini ina ukomo wa abiria 8,000 wa meli kwa siku. Na tangu Julai 1, 2025, kila abiria wa meli ya kitalii anayeshuka Santorini au kisiwa kingine maarufu cha Mykonos kati ya Juni na Septemba hulipa euro 20. Bandari nyingine nyingi za Ugiriki ni euro 5 katika miezi hiyo hiyo.

Msimamo wangu: ukomo ni halali kabisa, na ungeweza kuwa mkali zaidi. Tazameni siku ya abiria wa meli ilivyo. Meli husimama baharini chini ya jabali, mashua ndogo zinawaleta watu kwenye bandari ya zamani, na hapo juu kwenye mji wa Fira kuna njia tatu tu: gari la kebo, mgongo wa punda, au ngazi zaidi ya 580 kwa miguu. Meli tatu zikifika asubuhi moja, foleni ya kebo inakula saa nzima kupanda na nyingine kushuka. Katikati hapo ni basi la kwenda kijiji cha Oia, picha ya kuba la buluu la kanisa, kisha mbio kurudi. Chakula amekilipia melini, kitanda amekilipia melini. Kisiwa kinabaki na msongamano na taka.

Anayeitaka Santorini kwa dhati akalale pale, walau usiku tatu, Mei au mwishoni mwa Septemba. Asiyeweza aende kisiwa kingine, Naxos. Karibuni.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, heshima yako, lakini umetuonea. Nimefanya kazi jikoni kwenye meli hizo, abiria nawajua. Wengi ni wazee. Wengine wanatembelea kiti cha magurudumu. Mzee wa miaka 75 humwambii abebe sanduku kutoka Piraeus, bandari ya Athens, apande kivuko kwa saa nane, ashuke Athinios, bandari ya vivuko ya Santorini, kisha agombanie basi. Meli ndiyo njia pekee ya mtu kama huyo kuona Rhodes, Krete na Patmos katika wiki moja. Na si kweli kwamba hawaachi kitu. Dereva wa basi, muuza maji, mwenye mgahawa wa Fira, wote wanaisubiri siku ya meli.

Sasa nikurudishie swali. Nani anayekausha kisiwa hasa, abiria wa saa sita au wewe unayelala usiku tatu? Santorini haina mto. Maji ya bomba kwa sehemu kubwa ni ya bahari yaliyotolewa chumvi mitamboni. Hoteli nyingi za ukingo wa kaldera, lile shimo kubwa la volkano lililojaa bahari, zina mabwawa ya kuogelea, nyingine hadi la chumba kimoja kimoja. Abiria wangu anaoga melini.

MCHANGIAJI WA PILI

Kaka wa meli amegusa penyewe. Naishi Athens, ni muuguzi. Mwenzetu kazini alipangiwa kituo cha afya katika visiwa vya Cyclades, kundi ambalo Santorini imo. Nyumba aliyopata ilikuwa na sharti: atoke mwisho wa Mei, arudi Oktoba. Miezi ya katikati ni ya watalii. Alilala kwa rafiki, baadaye kwenye chumba cha akiba pale pale kituoni, halafu akaomba kuhamishwa. Msimwone ni mmoja. Walimu wanalia kilio hicho hicho kila Septemba, shule zinafunguliwa nao bado wanatafuta pa kulala huku msimu haujaisha.

Kwa hiyo ninyi mnaobishana juu ya meli, mimi nasema tatizo la kwanza ni vitanda. Nyumba aliyokuwa akiishi mwalimu mwaka mzima sasa iko kwenye programu ya simu kwa bei ya usiku mmoja. Athens serikali imesimamisha usajili mpya wa nyumba za aina hiyo katika maeneo matatu ya katikati ya jiji tangu 2025, lakini visiwani presha ni kubwa zaidi na nyumba ni chache zaidi.

Ndiyo maana nikiulizwa tulale wapi, silitaji jina la kisiwa kwanza. Nasema mkalale hoteli, au vyumba vya familia ambavyo Wagiriki huviita domatia: mama anaishi chini, anapangisha vyumba vinne juu, asubuhi anakuletea kahawa na kipande cha keki ya machungwa hata kama hukulipia. Hapo hujamhamisha mtu. Nyumba nzima iliyogeuzwa ya wageni niacheni nayo. Na mjue kuna tozo ya tabianchi kwa kila chumba kila usiku, Aprili hadi Oktoba: hoteli ya nyota tano euro 15, nyota tatu euro 5, nyumba ya kupangisha muda mfupi euro 8. Hulipwa pale pale mlangoni, watu wengi wanadhani wameibiwa.

MTOA MADA

Dada muuguzi, umenihamisha kidogo. Nakubali kwamba kulala peke yake si wema, inategemea unalala wapi. Niongeze basi: asilale ukingoni. Oia, Imerovigli na Fira ndiko bei ilikopaa na ndiko kila mtu anakojazana. Upande wa pili wa kisiwa kuna Kamari na Perissa zenye fukwe za mchanga mweusi wa volkano, na ndani ya kisiwa kuna Pyrgos na Emporio, vijiji ambako bado utasikia watu wakisalimiana kwa majina. Mabasi yapo, ila karibu yote hupitia Fira, kwa hiyo ukitoka Perissa kwenda Oia utabadilisha hapo.

Nikirudi kwa kaka wa meli: hoja ya wazee naiheshimu. Ila hata huyo mzee ananufaika na ukomo, maana ndiye anayesimama juani kwenye foleni ya kebo.

MCHANGIAJI WA TATU

Niko Paje, Unguja, nafuatilia kwa makini maana nasi wageni wanatujia kwa wingi. Kilichonivutia Ugiriki ni kisiwa cha Paros, 2023. Wenyeji waliandamana wakiwa wamebeba mataulo, kwa sababu mabaa yalikuwa yamepanga vitanda na miavuli mpaka mwenyeji hana pa kutandika taulo lake bila kulipa. Mwaka uliofuata ikaja sheria: angalau nusu ya ufukwe ibaki wazi, asilimia 70 kwenye maeneo ya hifadhi, na vitanda vikae mita nne kutoka majini. Raia anaripoti kwa simu yake. Natamani kwetu nako mtu aweze kuripoti hivyo. Mnaoenda, tandikeni taulo sehemu iliyo wazi, na mle katika mgahawa wa mtu wa pale.

MCHANGIAJI WA NNE

Mnaongelea vitanda, mimi naogopa ardhi. Si pale ndipo watu walikimbia matetemeko mwaka 2025? Nimejiandaa kwenda na wazazi wangu.

MTOA MADA

Ni kweli. Februari 2025 matetemeko yalifululiza kati ya Santorini na kisiwa jirani cha Amorgos, kubwa kuliko yote likafika ukubwa wa 5.3. Zaidi ya watu 11,000 waliondoka kwa ndege na vivuko, shule zikafungwa. Baadaye yalipungua, watu wakarudi. Hofu yako ina msingi, kwani mwaka 1956 tetemeko kubwa liliua zaidi ya watu 50 eneo hilo. Fuata matangazo ya serikali, na ukiwa na wazee kaa mbali na ukingo.

Ila usiende Santorini ukaikosa Akrotiri. Ni mji wa Zama za Shaba uliofunikwa na majivu volkano ilipolipuka, miaka zaidi ya 3,500 iliyopita. Spyridon Marinatos alianza kuufukua 1967. Unatembea juu ya madaraja ya mbao chini ya paa kubwa, chini yako kuna nyumba za ghorofa, mabomba ya maji machafu, mitungi ya nafaka bado imesimama ilipoachwa. Miili ya watu haikupatikana. Inaelekea waliona dalili wakaondoka mapema. Michoro ya ukutani utaiona Fira, katika Jumba la Makumbusho la Thera ya Kale (Thera ni jina la zamani la Santorini), na mingine Athens.

Kwa wazazi wako ningegawa hivi: usiku mbili Kamari, halafu kivuko hadi Naxos, usiku tatu. Naxos ni kubwa kuliko visiwa vyote vya Cyclades na ina wakulima wa kweli, viazi na jibini lao utakula kila siku. Lango la marmari la hekalu lisilokamilika liko mwendo mfupi kutoka bandarini, hakuna mlima mrefu wa kupanda. Julai na Agosti upepo mkali wa kiangazi, meltemi, huweza kuzuia vivuko, kwa hiyo siku ya ndege ya kurudi isiwe siku ya kivuko.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Naona tumekaribiana. Ukomo wa 8,000 naukubali. Lakini zile euro 20 wanazokatwa abiria zionekane zimeenda wapi. Zijenge nyumba za wauguzi na walimu kwanza, kisha ndipo waniambie meli ndiyo adui.

MCHANGIAJI WA PILI

Hapo tuko pamoja, kaka. Na halmashauri ziache kutoa vibali vya hoteli mpya ukingoni hadi nyumba hizo zisimame.