Kwa nini farasi wa mchoro huu wa China hawana vivuli?

MwanaNyegezi aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Mwanza. Katika duka la vifaa vya ujenzi ninakofanya kazi kuna kalenda ya ukutani iliyotoka China, na mwezi huu picha yake ni kipande cha mchoro uitwao Farasi Mia Moja. Maelezo ya chini yanasema kuwa ulichorwa mwaka 1728 na Giuseppe Castiglione, Mwitaliano aliyekuwa mchoraji wa kasri la wafalme wa China. Nimekuwa nikiutazama kila siku wakati wa chakula cha mchana. Matumbo ya farasi yamejaa na kuviringika, na mmoja ametupa mgongo hivi kwamba mwili wake umefupika, kama unavyomwona ng'ombe anayekunywa maji ziwani nawe umesimama nyuma yake. Naamini huo ni ujuzi aliotoka nao Ulaya. Lakini chini ya kwato hakuna kivuli, isipokuwa weusi kidogo sana kwenye nyasi. Hapa kwetu hata saa sita mchana, jua likiwa utosini, ng'ombe ana kivuli chini ya tumbo. Je, mchoraji alisahau, au alikatazwa?

FundiMabango alijibu:

Ndugu yangu, hakusahau. Castiglione alizaliwa Milan mwaka 1688, akajiunga na Wajesuiti, shirika la watawa wa Kikatoliki, kama bruda, na alipofika China mwaka 1715 alikuwa tayari fundi wa rangi ya mafuta, anayejua kujenga mwili kwa mwanga na giza. Aliwatumikia wafalme watatu, yaani Kangxi, Yongzheng na Qianlong, akafia Beijing mwaka 1766, na Wachina wanamjua kwa jina la Lang Shining. Pale kasrini kivuli kizito, hasa usoni, kilionekana kama doa. Kwa hiyo aliutoa mwanga ubavuni akauleta mbele ya anayechorwa, akabakiza giza jembamba tu la kuonyesha kuwa shavu au paja lina mviringo.

Jambo hili nalielewa kwa sababu limenikuta. Mimi huchora mabango na sura za watu hapa Kirumba. Mama mmoja aliniletea picha ya marehemu mumewe iliyopigwa jioni ufukweni, jua likizama upande wa ziwani, nami nikachora shavu moja likiwa gizani kama lilivyokuwa pichani. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona mzee umempaka masizi?" Nikachukua brashi nikalifungua lile shavu kwa rangi ya udongo, nikaacha kivuli pembeni ya pua na chini ya kidevu peke yake. Hapo akalia, akasema ndiye. Tangu siku hiyo siamini kwamba kupunguza kivuli ni kupunguza ukweli, kwa maana anayeagiza picha ana jicho lake, na jicho hilo nalo limefundishwa na picha alizokua akiziona.

MwalimuBukoba alijibu:

Nakubaliana na Fundi, ila naomba tusimwone Castiglione kama mtu aliyebanwa tu. Alikuta nchi yenye mabwana wa kuchora farasi kwa karne nyingi. Han Gan, katika karne ya 8, alimchora farasi mweupe wa mfalme akiwa amefungwa kwenye nguzo, macho yamemtoka, na nguvu yote ya mnyama ikabebwa na mstari wa wino. Li Gonglin wa enzi ya Song aliendelea na njia hiyo hiyo ya mstari. Castiglione aliichukua kutoka kwao desturi ya kumwonyesha farasi akikimbia huku miguu yote minne imenyooka hewani, jambo ambalo halikuwa mazoea ya wachoraji wa kwao. Hata umbo la kazi ni la Kichina: hariri ndefu ya kukunjua kutoka kulia kwenda kushoto, yenye kimo cha sentimita 94.5 na urefu wa karibu mita 8. Na hariri haisamehe, kwa sababu rangi ya maji ikishaingia huwezi kuifuta na kuanza upya kama unavyofanya kwa rangi ya mafuta. Rasimu yake ya wino juu ya karatasi, yenye urefu unaokaribiana na wa mchoro wenyewe, ipo hadi leo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, na mchoro wenyewe wa hariri uko Taipei, Taiwan.

Wala si wote waliokubali. Zou Yigui, mchoraji wa kasri hilo hilo, aliwasifu watu wa Magharibi kwa usahihi wa vivuli na umbali, kisha akasema kwamba hawana njia ya brashi, na kwa hiyo kazi yao ni ya fundi tu. Mimi nadhani alikosea kuhusu Lang Shining, lakini hoja yake ni nzito na inastahili kusomwa kwa heshima.

MwanaNyegezi aliandika:

Mwalimu, shikamoo, na asante. Fundi nawe asante. Maneno ya yule mama yameniingia. Kuna sehemu yoyote ya mchoro ambapo alikiachia kivuli nafasi?

FundiMabango alijibu:

Acha farasi kwanza, utazame misonobari.

MwanaNyegezi aliandika:

Leo nimepanda juu ya ngazi ya duka nikaisogelea kalenda. Shina la msonobari lina upande wa mwanga na upande wa giza, na kila gamba la gome limeinuliwa kwa ukingo wake mweusi, hadi unataka kulibandua kwa ukucha. Farasi aliyesimama karibu na shina hilo ameng'aa mwili mzima.