Kanifutia \033[0m, msimbo wa kurudisha rangi ya kawaida, mbele ya mteja, halafu mtoto ni mimi!

Wakuu, natoka soko la samaki la mwaloni Kirumba, Mwanza, sasa hivi na vidole bado vinatetemeka. Yule bwana, mnamjua, yule fundi wa lugha ya programu ya C, wa "nimeanza kabla hujazaliwa", leo kanidhalilisha.

Siku tatu nimekesha na programu ya madeni ya mama mmoja wa dagaa. Jina nimelipa nafasi 18 kwa `%-18s`, deni nafasi 10 kwa `%10.2f`, safu zimenyooka kama mitumbwi iliyofungwa ufukweni. Aliyepitisha siku ya kulipa namtia nyekundu, `\033[31m`, kisha `\033[0m` rangi irudi. Bwana akaomba aikague. AKAIFUTA `\033[0m`! Eti uchafu!

Mdaiwa wa pili alikuwa amechelewa. Kuanzia hapo kushuka chini, wote wekundu, hadi waliolipa jana. Programu ikaisha, wekundu haukuisha; kila mama akibonyeza herufi, nyekundu. Mama wa watu akashika pindo la kanga akaanza kuisugua skrini. Bwana anacheka, mizani inatikisika: "Mama, ndiyo hasara ya kuwapa kazi watoto."

Watoto! Nina miaka 34! Kafuta yeye!

Sato Mkavu: Pole mkuu. Kwangu alifupisha amri ya kuandika kwenye skrini, `printf("%s", maelezo)`, ikawa `printf(maelezo)`. Mteja akaandika "punguzo 5% sato", printf ikasoma `% s` kama amri ya kuandika neno ambalo hakupewa, programu ikafa palepale.

Jiwe la Igoma: Siku tatu kwa printf? Mkuu, na wewe.

Mleta uzi: Jiwe, kafuta yeye! Pindo la kanga kwenye skrini, unaelewa?

Buzuruga Stendi: Shukuru hata rangi ilitoka. Kwenye Windows 7 yangu inaandika `←[31m` kila mstari badala ya rangi.

Jiwe la Igoma: Windows 7 mpaka leo?

Buzuruga Stendi: Nikununulie wewe, au ninunue mimi na ada ya watoto?

Nyegezi Kona: Afadhali nyie mnaona kitu. Mimi niliandika "Subiri..." bila `\n` ya kushusha mstari, nikakaa natazama skrini nyeusi. Kumbe maneno yamekwama kwenye bafa, ghala la muda, yanangoja `fflush(stdout)` iyasukume nje.

Mleta uzi: Jamani, uzi ni wa `\033[0m`!

Mke wa Mvuvi: Huyo mama dagaa wake wana mchanga? Tangu Jumapili natafuna mchanga.

Sato Mkavu: Hao wameanikwa chini, dada. Ulizia wa kwenye chanja.

Mke wa Mvuvi: Wa chanja bei gani sasa?