Nyumba ilikuwa tupu mpaka walipoona hijabu yangu

Wadau naandika hii nikiwa na hasira na sitaki mtu aniambie nitulie kwanza. Jumanne nimepigia simu keateka wa ploti moja huku South B, bedsita, elfu kumi na mbili, akaniambia iko tupu njoo uone hata saa hii. Kwa simu hakujua mimi ni Msomali, Kiswahili changu ni cha hapa hapa, nimekaa Nairobi miaka nane. Nikafika saa saba na hijabu yangu, pesa ya depoziti iko tayari kwa simu. Keateka akaniangalia juu chini, akaingia kwa landilodi, akarudi na "pole madam, imechukuliwa asubuhi." Asubuhi gani na tumeongea saa sita??

Jioni rafiki yangu wa kazini, Mkamba, akapiga namba hiyo hiyo. Nyumba iko. Akaenda akaonyeshwa mpaka mita ya tokeni, alafu akauliza kwani yule msichana wa mchana mlimkatalia nini, akaambiwa "hao ukimpa mmoja wanajazana kumi, na huwezi jua ataleta nini." Mimi naleta nini? Naleta godoro, sufuria, na kodi kila tarehe moja.

Hiyo "huwezi jua ataleta nini" imeninyima usingizi. 2011 Elgiva Bwire alikiri kesi ya gruneti hapa Nairobi, jina ni la magharibi, kwao ni magharibi. Nani alisikia Mluhya amenyimwa nyumba juu ya Bwire? Hakuna, na ni haki kabisa, kosa lilikuwa la Bwire. Baada ya uchaguzi wa 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchi hii, jirani kwa jirani, na hakuna kabila liliambiwa lipange laini lithibitishe ni la Kenya. Lakini Al-Shabaab wakifanya unyama wao ni sisi wote, mpaka mtoto wa nasari. 2014 watu walizolewa Eastleigh kwa maelfu wakapelekwa uwanja wa Kasarani, wengine wakiwa na kitambulisho mkononi. Na hao Al-Shabaab wanatuua hata sisi, hiyo haisemwi.

Kitambulisho chenyewe basi. Ndugu yangu alipofika 18 alikaa mbele ya kamati ya vetingi, wazee, chifu, watu wa usalama, akaulizwa babu yako alizikwa wapi, ukoo gani, leta kipande cha baba, leta cha mama. Rafiki yake wa Nyeri walisoma darasa moja, yeye alipeleka kopi za wazazi na cheti cha kuzaliwa, kwisha. Alafu Februari 2025 Rais Ruto akiwa Wajir akasema vetingi imefutwa, mkaona vile mitandao iliwaka, ati usalama wa nchi umeuzwa. Yaani kuchukuliwa kama mtu wa Nyeri ndio kuuza nchi.

Na basi za Garissa mnazijua. Ukifika rodibloku askari anapanda, anapita viti akiangalia sura, wewe, wewe na wewe mama shukeni na vitambulisho. Wengine wanabaki wamekaa wanakula ndizi. Wanatutenganisha kwa sura. Sasa kumbukeni Desemba 2015 kule Mandera, Al-Shabaab walisimamisha basi wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo, na abiria wakakataa, wamama wakavua mitandio wakafunika wenzao Wakristo, wakasema mtatuua sote ama mtuache. Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, alipigwa risasi hapo na akafa Januari 2016. Msomali. Alikufa kwa sababu hakukubali basi igawanywe. Huyo pia akija South B leo ataambiwa imechukuliwa asubuhi?

Sasa nimalizane na watu wa kwetu pia, na najua nitatukanwa inbox. Rafiki yangu aliyeniendea hiyo nyumba amefanya kazi Garissa miezi minne, akaniambia polepole tu, "hata mimi huko niliitwa nywele ngumu." Nilikosa jibu, kwa sababu hilo neno la kudharau wasio Wasomali nimelisikia kwetu tangu nizaliwe na mimi mwenyewe nimelitumia. Shuleni tulikuwa na mwalimu wa kemia kutoka Kisii, tulikuwa tunamcheka na hilo jina akigeukia ubao. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, walimu wa daun Kenya, yaani wa kutoka sehemu zingine za nchi, waliondoka, na yeye akaondoka, nikiwa fomu thrii. Kemia tukaisoma wenyewe kwa kunakili noti za watu wa mwaka wa mbele. Aliondoka kwa sababu ya bunduki, lakini hakuna siku tulimpa sababu ya kurudi, na hiyo ni juu yetu. Na binti wa kwetu akitaka kuolewa na Mkamba tunaita ukoo mzima kama kuna msiba, hata kijana akiwa amesilimu. Wazee mnaolia tunabaguliwa Nairobi, hiyo mnaiitaje?

Sisemi hivyo ndio muanze "ona hata wao ni wabaguzi," ukaacha kujibu. Landilodi anayesoma hapa ajibu: una kodi ya mtu, una kitambulisho chake, una namba ya kazini kwake, ni nini ingine unataka kutoka kwangu hutaki kutoka kwa huyo Mkamba?

Jumamosi naenda kuona nyumba ingine Imara Daima. Hii mara nimetaja jina langu lote kwa simu kabla ya kitu chochote. Mama mwenye ploti amenyamaza kidogo, alafu akasema nifike kabla ya saa nne juu ana harambee.