Mrejesho: kubadilisha vichwa vya mashine ya kufunga vifuniko vya chupa

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza namna ya kupunguza muda wa kubadilisha vichwa sita vya mashine yetu, tunapotoka vifuniko vya maji vya milimita 28 kwenda vya juisi vya milimita 38, kazi iliyotuchukua dakika 50 kwa sababu kila kichwa kilishikwa na bolti nne. Nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kuweka viunganishi vya kusukuma na kuzungusha robo mzunguko, vinavyojifunga kwa gololi zenye springi, na sasa tunamaliza kwa dakika 12. Aliyesisitiza kufuta sukari iliyoganda kwenye shingo ya mashine, yaani sehemu kichwa kinapoingia, kabla ya kukiingiza alisema kweli tupu, kwani chembe moja tu ilitosha kukikalisha upande, na vifuniko vikatoka vimepinda.

Kichwa cha nne ndicho kilichonishinda: gololi inaingia, mlio wake unasikika, lakini bado kinacheza na chupa zake zinavuja. Tundu la gololi limelika, hivyo shingo yake iko kwa fundi mkereza vyuma. Kwa sasa nimefunga shingo ya zamani yenye bolti, na dakika 12 zimekuwa 20.