Yule jamaa mnamjua amenikimbiza kwenye gari yangu mwenyewe

Wakuu leo sina salamu.

Yule jamaa mnamjua, msijifanye. Yule wa "hiyo kazi ndogo", yule ambaye kila gari akiiona anasema alishaifungua usiku bila taa. Jina sitaji maana atakuja humu kujitetea na uzi utajaa.

Nina Beetle ya 1972, ile yenye kamlango ka mafuta pembeni, tangi liko mbele chini ya boneti. Sasa kati ya shingo ya kujazia na tangi kuna kipande cha mpira, wa zamani ulipasuka gari ikawa inanuka petroli mpaka ukikaa ndani dakika kumi unaanza kuimba. Nikapata mpya. Mpira mpya ukakataa kuingia. Nimeuloweka maji ya moto, nimepaka sabuni, nimesukuma mpaka vidole gumba vimekuwa bapa kama vijiko, nimeubembeleza, nimeutukana mpaka ukoo wake, masaa matatu umeingia milimita 2 halafu ukatoka wenyewe.

Ndo akapita. Hakuna aliyemwita. Akachungulia, "hiyo kazi ndogo", akaniambia shika hapa. Nikashika. Akaingiza mkono mfukoni nikajua anatoa bisibisi.

Akatoa KIBERITI.

Narudia maana humu kuna watu wanasoma kwa kurukaruka. Tangi liko wazi, mdomo unanitazama, mtu mzima na ndevu zake kawasha njiti eti alainishe mpira. Imewaka kabisa, nimeuona moto kwa macho yangu haya.

Nilivyoruka sikumbuki. Nimeshtukia niko mbali na kandambili moja, nageuka naona njiti imezimwa na upepo na yeye kasimama palepale anacheka mpaka kashika boneti, anawaambia watu "tangi tupu haliwaki, mwenye gari kakimbia gari". Tangi tupu haliwaki!! Tangi ulilomwaga mafuta ndo baya zaidi ya lililojaa, ndani kumebaki mvuke umechanganyika na hewa unasubiri mjinga mmoja tu, petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na ule mvuke ni mzito kuliko hewa, haupandi juu kama moshi, unashuka unatambaa chini. Chini kulikuwa na miguu yangu. Na juu yake kiberiti.

Kiberiti wakuu. Halafu ACHEKE.

SpanaBovu: Nipo siti ya mbele. Kandambili iliyobaki ni ya kushoto au ya kulia?

Mleta uzi: Kandambili inaingiaje hapa, mtu kawasha KIBERITI

SpanaBovu: Jibu swali mkuu, usipaniki.

Mama Giaboksi: Hii chai. Yaani upepo ndo ukuokoe, na masaa matatu yote hujafikiria kupima huo mpira? Umenunua mwembamba unasingizia watu.

Mleta uzi: Nimepima dada yangu, ni saizi yake. Nilipima kabla ya KIBERITI.

Mzee Kabureta: Mwanangu pole, ila kosa la kwanza ni lako. Ungechukua ya 1967 kurudi nyuma, mdomo uko kwenye tangi lenyewe, unafungua boneti unajaza, hakuna mpira wa kugombana nao. Hicho kimlango kimekuja na modeli ya 1968. Sasa sikiliza. Mpira hausukumwi kichwa kwa kichwa kama mbuzi wanaopigana. Piga msasa shingo ya chuma, kutu na rangi vimeongeza unene ndo maana saizi yake inabana. Klipu zote mbili zivalishe kwanza, usije kukumbuka baadaye ukalia. Vesha mpira kwa kuuzungusha, upandishe wote kwenye shingo, linganisha na tangi, kisha uushushe. Grisi usipake, itabaki humo na mpira utateleza kila barabara mbovu, sabuni ikikauka inashika. Na kile kipira chembamba cha kupumulia tangi kiangalie, kama kile kikubwa kimepasuka na chenyewe kimechoka.

SpanaBovu: Mzee umeshusha nondo ila suala la kandambili umelikwepa.

Mzee Kabureta: Kulia. Mtu akikimbia ya kulia ndo inabaki.

Mtoto wa Gereji: Huyo jamaa aliwahi kunifungia injini zikabaki nati nne juu ya meza, namuuliza ananiambia kiwandani huwa wanaweka za ziada.

Mama Giaboksi: Nne? Mimi alinikabidhi mfuko. Akaufunga fundo vizuri kabisa kama zawadi.

Kimya Kingi: Heri nyie mnarudishiwa. Kuna mtu yuko humu anasoma uzi huu sasa hivi, aliazima jeki yangu kwa "nusu saa tu", na picha yake ya wasifu anaegemea gari iliyopigwa jeki. Jeki ni nyekundu. Jeki yangu ni nyekundu.

SpanaBovu: Jeki nyekundu ziko nyingi mkuu tusichafuane

Kimya Kingi: Sijataja mtu. Mbona umeitikia?

Mtoto wa Gereji: 😂😂😂 naleta kiti

Mama Giaboksi: SpanaBovu rudisha jeki ya watu. Na drili yangu je, au nayo nisiitaje?

Mleta uzi: Wakuu nimepiga msasa kama mzee alivyosema, umeingia nusu halafu umegoma tena, nafanyaje?

Kimya Kingi: Mkuu fungua uzi wako, hapa tunaongelea jeki.