Kigugumizi na kazi ya uwakili mahakamani

Swali: Mimi ni wakili, na nina kigugumizi tangu utotoni. Hoja huziandaa vizuri, lakini ninapotakiwa kutaja jina la mteja wangu mbele ya hakimu, neno hukwama kabisa. Je, nimweleze hakimu mapema?

Jibu la 1: Mweleze, ndugu yangu. Kuficha ndiko kunakochosha zaidi, kwa sababu akili inayotafuta maneno mbadala haibaki na nafasi ya kumsikiliza shahidi, na jina la mtu, kwa bahati mbaya, halina mbadala.

Jibu la 2: Naunga mkono. Mtaalamu wa tiba ya usemi alinifundisha kuianza sauti ya kwanza taratibu, bila kuisukuma. Kigugumizi hakikuisha, ila mkazo ulipungua sana.

Muulizaji: Asanteni. Nitamweleza kabla ya kesi ijayo.